Msalaba wa Penseli

Sehemu ya 9

Tulimwacha Jorien darajani, ramani ya mji imemponyoka mkononi, akimtazama mumewe akitoa ufunguo mfukoni na kufungua mlango wa nyumba ya watu.

Ufunguo!

Hakubisha hodi. Hakupiga kengele. Alifungua kwa ufunguo, katika mji ambao asubuhi ileile alikuwa ameapa hajawahi kuukanyaga.

Kama ndiyo kwanza unaanza nasi leo, mambo yako hivi. Jorien na Wiebe wana siku ya tano barabarani kwa baiskeli, kutoka kwao Assen, wakiufuata mto mpaka Basel. Leo ni siku ya kupumzika. Baiskeli zimelala kwenye banda la mwenyeji wao, miguu ndiyo inayotembea, na mji wa Zutphen wote uko mbele yao, minara yake na makanisa yake, jua limetoka. Lakini saa nne Wiebe akaanza kulalamikia goti. "Wewe nenda kaone mji," akasema, "mimi nitakusubiri hapa kwenye benchi." Jorien akaenda. Moyo ukamrudisha. Benchi lilikuwa tupu.

Na leo ni tarehe kumi na nne Juni.

Leo Fenna, binti yao, angetimiza mwaka mmoja. Aliishi wiki kumi na moja. Tangu mazishi Wiebe hajalitamka jina lake hata mara moja. Kalenda ya siku za kuzaliwa, ile iliyokuwa chooni kwao kama ilivyo chooni kwa kila mtu, aliishusha ukutani siku waliyotoka makaburini. Ukabaki msumari.

Halafu kuna zile soksi. Kila mwisho wa mwezi, juu ya kaburi, Jorien anakuta jozi moja ya soksi za njano za kufuma. Kila jozi ni kubwa kidogo kuliko ya mwezi uliopita, utadhani aliyelala pale anakua. Zimefika jozi tisa. Wiebe aliapa hazijui. Jorien akaanza kushuku kuna mwanamke.

Ndiyo maana ana tiketi mfukoni. Treni ya saa kumi na nusu, ya kurudi Assen. Amempa mumewe siku hii moja, bila kumwambia: alitaje jina la mtoto leo, hata mara moja tu, ama yeye arudi peke yake na ndoa iishie hapo.

Sasa mwanamke ana nyumba, na nyumba ina mlango wa kijani.

Jorien alivuka daraja mbio. Akagonga kwa ngumi.

Mlango ukafunguliwa na mama wa miaka sitini na kitu, nywele nyeupe zimekatwa fupi, aproni imejaa unga.

Jorien alikuwa ameandaa matusi ya mwanamke wa miaka thelathini. Hayakumfaa mama huyu.

Kabla hajapata mengine, yule mama akamshika mabega akambusu. Shavu la kulia. La kushoto. La kulia tena.

"Hongera, mwanangu. Hongera sana kwa mtoto."

Ndivyo tulivyo. Siku ya kuzaliwa ya mtoto tunampongeza mama, tunampongeza baba, tunampongeza bibi, na jirani akikaa vibaya naye anapongezwa. Lakini Jorien hakuna aliyempongeza leo. Mwenyeji wao hakujua. Mama yake mzazi hakupiga simu, aliogopa.

"Mtoto gani?" akauliza.

"Fenna. Kwani unao wangapi?"

Jorien alishika fremu ya mlango. Miezi tisa na nusu alikuwa na njaa ya kulisikia jina hilo, na sasa analisikia kwa mtu asiyemjua, limetamkwa kirahisi hivyo, kama mtu anavyosema mkate.

"Wewe ni nani?"

"Annet. Mama yake Wiebe."

"Mama yake Wiebe alishakufa."

"Ndiyo, nimesikia," alisema Annet. "Basi ingia, usisimame mlangoni na maiti, majirani wataona."

Sebuleni viti vilikuwa vimepangwa duara, kama kwenye kila siku ya kuzaliwa. Vibendera vya rangi vilikatiza dari. Mezani kulikuwa na keki, na kwenye keki mshumaa mmoja ambao haujawashwa.

Kwenye kiti kimoja amekaa Wiebe, goti zima kabisa, uso mweupe kama sahani.

"Jorien," alisema. "Naweza kueleza."

"Haya eleza."

Wiebe akachukua kijiko, akakoroga kikombe kitupu.

Annet aliingia na birika la kahawa. "Na mwenye siku yake yuko wapi? Mmemwacha bandani na baiskeli?"

Aliuliza akimtazama mwanawe. Kwa Jorien hakugeuka kabisa.

Kijiko kikalia kwenye kikombe cha Wiebe.

"Amebaki Assen," akasema. "Kwa mama yake Jorien. Ana mafua."

Ana mafua!

Jorien alivuta kiti akakaa. Alifungua mdomo apige kelele. Ndipo alipoona ukuta.

Ukutani kulikuwa na kamba, na kwenye kamba barua, zimebanwa kwa vibanio vya nguo kama nguo za mtoto zinazokauka. Zilikuwa tisa. Mwandiko aliufahamu kuliko wake mwenyewe.

"Nilimwacha akiwa na miaka kumi na moja," Annet alisema, kama mtu anayetaka kumaliza jambo kabla kahawa haijapoa. "Nilimfuata mwanaume. Mwanaume hakufaa, nikaona aibu kurudi. Miaka ishirini na mbili mwanangu hakuniandikia hata mstari. Mwaka jana Juni ikaingia kadi: amezaliwa Fenna. Nikajibu, akanyamaza. Septemba akaanza kuandika. Kila mwezi barua. Mwezi uliopita nikamtumia ufunguo, nikamwambia siku ukija usigonge, wewe fungua." Akaweka birika chini. "Sasa, leo nilikuwa nimepanga kumtembeza mjukuu wangu mjini. Nimeifanyia mazoezi njia nzima, na saa mkononi. Hayupo, basi nitawatembeza ninyi. Mtakwenda kumsimulia."

"Mama, goti," alisema Wiebe.

"Goti limekuleta hapa bila mimi. Vaa viatu."

Wakatoka watatu.

Annet alitangulia. Anatembea haraka, mikono nyuma, shingo mbele. Kando ya mto mdogo alisimama ghafla.

"Kituo cha kwanza, bata. Hapa ningemshusha kwenye kigari. Si Februari alikuwa anamfukuza bata wa mpira kwenye beseni mpaka maji yakaisha? Baba yake aliandika."

Jorien alimgeukia Wiebe. Wiebe aliwatazama bata.

Chini ya mnara wa sokoni akasimama tena. "Kituo cha pili, kengele. Machi alikuwa akisikia kengele anacheza kwa makalio, amekaa chini. Nimecheka wiki nzima. Umesahau, Jorien?"

Jorien alitaka kusema, mama, hakuna makalio, hakuna kengele, kuna jiwe dogo na jina. Badala yake alisikia sauti yake mwenyewe ikiuliza:

"Jino la kwanza aliandika lilitoka lini?"

"Jorien," alinong'ona Wiebe. "Nakuomba."

"Tarehe tano Desemba," alisema Annet. "Jioni ya zawadi za watoto. Alimuuma baba yake kidole, na baba akalia kuliko mtoto."

Tarehe tano Desemba Jorien aliikumbuka vizuri. Zawadi hakuna, nyimbo hakuna, na Wiebe kajifungia bandani jioni nzima akitengeneza baiskeli isiyo na ubovu. Kumbe alikuwa anamwotesha mtoto wao meno, kwa kalamu.

Jorien alitegemea hasira. Hasira ilikuja, lakini haikuja peke yake. Aliona wivu. Miezi tisa binti yake alikuwa anakua mahali fulani, anacheka, anauma vidole, na yeye mama mtu hakuna aliyemwita aje aone.

"Na nywele?" akauliza. Hakuweza kujizuia.

"Nyekundu," alisema Annet polepole. "Kama zako."

Wakafika kanisa kubwa, kwenye ile maktaba ya kale ambako vitabu vimefungwa kwa minyororo kwenye madawati yao. Annet alibaki mlangoni akiongea na mzee mwenye zamu. Jorien akamvuta Wiebe kwa mkono wa koti mpaka dawati la mwisho.

"Jino!" alinong'ona, na mnong'ono wake ulikata. "Mama yako umempa jino, Wiebe! Umempa nywele! Mimi nyumbani umeninyima hata jina lake."

"Nilitaka kumwandikia ukweli. Septemba ile. Nilikaa nikaandika, Mama, mtoto... halafu mkono ukaandika amecheka."

"Mkono!"

"Ndiyo, mkono! Wewe hujui. Kwenye karatasi alikuwa anakua. Nikaogopa kuacha. Nikiacha atakufa tena, na safari hii nitakuwa nimemuua mimi."

"Na mimi nilikuwa wapi? Chumba cha pili! Ungenisomea mimi! Hata ya uongo, ningekaa nikasikiliza."

"Ungenichukia."

"Sasa unaonaje, nakupenda?"

"Sauti, jamani," mzee mwenye zamu aliita kutoka mlangoni. "Vitabu vimelala."

Jorien alitoa tiketi, akaiweka juu ya dawati kati yao.

Wiebe aliisoma. Akaisoma tena.

"Saa kumi na nusu leo?"

"Leo. Mshumaa wa mwanangu hauwashwi juu ya uongo. Mwambie mama yako kabla haujawashwa. Usipomwambia, hutaniona Basel, na Assen hutanikuta."

"Nikimwambia nitampoteza. Ndiyo kwanza nimempata."

"Basi chagua wa kumpoteza," alisema Jorien. Akajuta hapohapo, lakini hakuyarudisha.

Annet alikuwa amewafikia. Alinyoosha kidole sakafuni, kwenye vigae, ambako kulikuwa na alama za nyayo za mnyama.

"Kituo cha tatu. Mtawa alikula kuku humu ndani siku ya kufunga, akadhani hakuna anayemwona. Shetani akaja kwa sura ya mbwa, akamfungia humo na mifupa yake. Nyayo ndizo hizo." Akazigusa kwa ncha ya kiatu. "Kila nikipita najiuliza, si angesema tu? Kuku mmoja! Nani angemchukia kwa kuku mmoja?" Akainua macho. "Wiebe. Una neno la kuniambia?"

Wiebe alitazama nyayo.

"Goti linauma, Mama."

"Haya," alisema Annet. "Turudi basi, ukalipumzishe."

Walirudi kwa njia ya ukuta wa mji, kila mtu na mawe yake ya kutazama.

Walipoingia ndani ilikuwa saa kumi na dakika tano. Jorien aliomba choo. Haja hakuwa nayo. Alitaka mlango wenye kitasa, alie dakika mbili, aoshe uso, kisha achukue mkoba wake aende stesheni.

Alifunga kitasa. Akainua uso.

Kalenda ilikuwa mbele yake, mahali pake, usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Juni. Kwenye tarehe kumi na nne, kwa wino wa buluu, mwandiko wa herufi kubwa kama wa mtoto wa shule: FENNA.

Jorien aliugusa. Ndio ukuta pekee katika nchi nzima wenye jina la mwanawe.

Ndipo akaona kitu kingine. Kando ya jina, kwa penseli, chepesi mno kama kilichochorwa na mtu aliyeshika pumzi. Msalaba mdogo. Na mbele ya msalaba, tarehe.

30 Agosti.

Mtu akifa hatumfuti kwenye kalenda. Tunamchorea msalaba. Kila mtu anajua.

Basi Annet alijua.

Alijua! Alijua alipombusu mlangoni. Alijua alipouliza mtoto yuko wapi. Bata, kengele, nyayo za shetani, vyote vile alivitembea akijua!

Jorien alifungua mlango kwa kishindo. Annet alikuwa amesimama hapohapo ukumbini, mgongo ukutani, kifurushi kidogo mkononi.

"Umeuona," alisema kwa sauti ya chini.

"Nani alikwambia?"

"Jirani yenu. Nilikuja mwenyewe, Septemba, kabla ya barua ya kwanza. Kiangazi kizima nilikuwa najipa moyo. Nilipanda treni, maneno nimeyakariri, zawadi mkononi. Jirani akanitazama, akanielekeza makaburini." Alimkabidhi kile kifurushi. "Zawadi sikujua niipeleke wapi. Nikamwachia mwenyewe."

Jorien alichana karatasi. Ndani, laini, mpya, saizi ya mtoto wa mwaka mmoja.

Soksi za njano.

"Ni wewe," alisema Jorien. "Jozi tisa. Ni wewe."

"Nilikuwa napanda treni kila mwisho wa mwezi. Nasoma barua njiani, nijue amefikia wapi, nifume ya kumtosha."

Jorien aliegemea ile aproni yenye unga, akalia kama ambavyo hakuwa amelia tangu siku ya jeneza, bila sauti, mdomo wazi. Annet alimshika kichwa.

"Kwa nini hukumwambia unajua?"

"Nimwache utotoni, halafu siku anaponiandikia nimwambie wewe muongo? Anazo barua za kumwandikia mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo ni mimi. Nilisema nitangoja. Leo nimemfungulia mlango mara ngapi? Umeona mwenyewe. Mpaka shetani nimemleta."

"Na keki?"

"Leo ni siku yake! Alizaliwa, Jorien. Hilo nani amelifuta?"

Jorien alipangusa macho kwa soksi. "Mbona penseli?"

"Wino niliona si haki yangu. Wino ni wa baba yake." Annet alimshika mkono, akaukaza. "Sasa nakuomba kitu. Akisema ama asiposema, usimwambie kwamba nilijua. Ataona nimemchezea miezi yote hiyo. Ataondoka. Kuondoka anakujua, mimi ndiye niliyemfundisha."

Kengele ya mlango ikalia.

Alikuwa Bi Toos, jirani wa ukuta kwa ukuta, kibegi kwapani. Toos hakualikwa. Toos haalikwi popote, huja tu, na kiti chake huwa kipo.

"Hongera, Annet! Hongera, bibi mtu! Hongera, baba! Lo, baba huyu mrefu, atapiga kichwa vibendera! Hongera, mama! Mbona mama amelia, ni vumbi la baiskeli? Mwenye siku yake yuko wapi, nimbusu vidole?"

Toos alikaa, akaitazama keki, akaitazama saa.

"Saa kumi na dakika ishirini na tano mshumaa bado? Kwani tunamngoja mfalme?"

Akatoa kibiriti. Akawasha njiti.

Jorien alikuwa ameshautundika mkoba wake begani. Stesheni ni mwendo wa dakika tano. Alimtazama Wiebe kwa mara ya mwisho.

"Usiwashe," alisema Wiebe.

Mkono wa Toos ukasimama hewani, moto ukishuka kwenye njiti.

Wiebe alisimama. Kichwa chake kiligusa vibendera kweli. Alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

"Fenna," alisema.

Likatoka limekwaruza, kama mlango uliokaa mwaka bila kufunguliwa. Akalirudia, safari hii likatoka vizuri zaidi.

"Fenna hayuko Assen kwa bibi yake. Hana mafua. Mama, Fenna alikufa. Tarehe thelathini Agosti, asubuhi, Jorien amempakata. Hana jino, Mama. Hakuwahi kuwa na jino hata moja. Nilimtungia. Nilimtungia kila kitu, isipokuwa nywele. Nywele ni za kweli."

Njiti ilimchoma Toos kidole. Aliiangusha kwenye sahani, akakitia kidole mdomoni.

Mnara wa sokoni ukapiga nusu saa.

Huko stesheni treni iliondoka. Jorien aliisikia, au alidhani ameisikia. Mkoba ulimteleza begani ukaanguka, na hakuuokota. Alikwenda akasimama kando ya mumewe, akauweka mkono wake juu ya mkono wa Wiebe pale kwenye mgongo wa kiti. Amesema. Mbele ya watu, amesema!

Ilibaki Annet alie. Basi. Alie kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza, mwanawe amkumbatie, wakae wale keki na maumivu yao. Jorien alimwomba kwa macho: lia tu, mama. Lia, hakuna atakayejua.

Annet alimtazama mwanawe. Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini hakulia.

"Umenieleza ukweli," alisema. "Siwezi kukulipa uongo."

Alitoka. Alirudi na kalenda ya chooni mkononi. Akasogeza keki, akailaza mezani.

"Toos, nipe kalamu yako ya kujazia mafumbo."

Toos alipekua kibegi, akaitoa. Annet akaiweka mkononi mwa Wiebe.

"Mwandikie kwa wino," alisema. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Wiebe aliinama. Alilisoma jina. Mkono wenye kalamu ulishuka kando ya jina, ukafika kwenye karatasi.

Ukasimama.

"Huu msalaba nani ameuchora?"

"Mimi."

"Lini?"

"Septemba."

Wiebe aligeuka taratibu akaitazama ile kamba ya ukutani. Midomo yake ilikuwa ikihesabu.

"Zote tisa? Ulizisoma zote unajua?"

"Zote."

"Na ukanijibu! Uliniuliza jino limeota upande gani!"

"Nilitaka kujua," alisema Annet.

Jorien alihisi mkono wa Wiebe ukichomoka chini ya mkono wake. Alijaribu kuukamata. Akakamata hewa.

"Wiebe, ngoja. Sikiliza. Zile soksi, ni mama yako ndiye..."

Hakuwa anasikia. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akauweka juu ya meza, taratibu, kando ya mshumaa ambao haukuwashwa. Kisha akatoka. Hakubamiza mlango, na hilo lilikuwa baya zaidi. Dirishani walimwona akilivuka daraja kwa miguu, mrefu, mabega yameanguka, goti halina kasoro yoyote.

Annet alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, kwenye duara lake la viti vitupu.

"Si nilikwambia," alisema.

Jorien, ambaye tangu asubuhi ndiye aliyekuwa wa kuondoka, alibaki amesimama katikati na soksi za njano mkononi. Treni imekwenda. Mume amekwenda. Alitazama meza ili asimtazame yule mama.

Kalenda ilikuwepo, na jina, na msalaba wa penseli. Jorien aliinama akatazama chini ya meza, kwenye zulia, chini ya sahani. Kisha akasimama wima na moyo unampiga.

Ufunguo aliuacha. Kalamu ya kumwandikia Fenna ameondoka nayo.